Vita vya Bwana Wastani na Maktaba Tatu Zilizofutwa

Sogeeni, enyi mliowahi kuketi mbele ya kompyuta iliyojaa maandishi mekundu, mkageuka kwanza kutazama kama nyuma yenu kuna mtu. Sogeeni nanyi mnaobonyeza "Sawa" kabla hamjasoma swali, kwa maana habari hii inawahusu kuliko mnavyodhani. Wapo waliopewa kusimulia ngome na mapanga, na wafalme waliomalizana kwa ajili ya kiti ambacho hata mto hakina. Mimi sikujaliwa hao. Mimi nimepewa mtu mmoja mwembamba, meza moja iliyotiwa karatasi chini ya mguu ili isichezecheze, na Alhamisi moja, tangu saa tatu asubuhi hata saa nane na dakika kumi na mbili mchana. Basi ulimi na usiniteleze, koo lisinikauke, na mwenye haja ya kutoka atoke sasa, kwani tukianza hatusimami.

Alikuwapo mtakwimu wa ofisi ya afya ya wilaya, jemadari wa majedwali, mfuga tarakimu, mtu aliyehesabu wagonjwa wa homa kwa miaka kumi na mmoja bila kumruka hata mmoja. Jina alilopewa na mamaye limo katika faili lake la ajira, nalo na lilale humo salama. Ofisi nzima ilimwita Bwana Wastani, kwa sababu ukimwuliza watoto hawajambo, alitafakari kwanza, kisha akajibu, "Kwa wastani, hawajambo." Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja uliofungwa kwa uzi, na koti lake lilikuwa limepauka viwiko kwa kuegemea meza. Hakuwahi kumpiga mtu maishani, na hata nzi aliwafukuza kwa adabu.

Lakini kila shujaa ana mahali pake palipo laini, na pa Bwana Wastani palikuwa katika kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Miaka mitatu nyuma, mbele ya wageni kumi na wanne, kompyuta yake ilitapika maandishi mekundu ukutani, makubwa makubwa, na mgeni mmoja akacheka. Mmoja tu, wala hakucheka sana. Tangu siku ile Bwana Wastani hakuweza tena kuyakazia macho maandishi mekundu. Yakichomoza tu, kidole kinaruka chenyewe na kuyafuta, kabla jicho halijasoma maneno mawili. Mwenyewe alisema huo ni usafi wa kazi. Usafi gani? Ilikuwa ni aibu tu, na anisamehe nikiisema.

Sasa sikilizeni kilichomtoa shujaa huyu katika amani yake. Kamati ya Afya ilikuwa imekusudia kufunga zahanati moja, na kidole cha kamati kilikuwa kimeielekea zahanati ya kilimani, kwa kuwa katika jedwali ilionekana kuwa na wagonjwa wachache kuliko zote. Kikao cha kutia muhuri kilikuwa siku hiyo hiyo, saa nane mchana. Bwana Wastani alijua jambo ambalo jedwali halikulisema: wale wachache wa kilimani hawana pengine pa kwenda, na mlango ule ukifungwa, watu wa vijiji vitano vya nyuma ya mlima watatembea zaidi ya saa mbili kutafuta tiba. Alikuwa amemwandikia Mwenyekiti wa Kamati kurasa tisa kulieleza hilo. Mwenyekiti, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa subira, alizirudisha zikiwa na maneno haya pembeni: "Majedwali yananiletea usingizi. Nioneshe kwa picha nitaelewa."

Picha maana yake ramani. Na Bwana Wastani alijua kuchora ramani kwa ile programu yake ya takwimu, ila programu yenyewe haichori mpaka iongezewe kijizana cha pembeni kiitwacho kiongezi, ambacho hushushwa bure kutoka mtandaoni na kupachikwa ndani yake. Zamani alikuwa nacho. Wiki iliyopita kompyuta ilikuwa imesafishwa na fundi, na kiongezi kikaenda na maji ya kuoshea. Basi ni kukipachika upya, kazi ya dakika tano, ndivyo alivyomwambia Mkunga.

Maana Mkunga alikuwapo. Huyu ndiye aliyeiongoza zahanati ya kilimani kwa miaka thelathini na mmoja, mama wa mikono mipana, mpokea wana wa watu, na siku hiyo alishuka mlima kwa miguu tangu alfajiri, akaketi kwenye benchi lililo mkabala na meza ya Bwana Wastani, mkoba mapajani, vumbi mpaka magotini. Hakuja kuomba wala kulia. Alikuja amtazame usoni mtu ambaye jedwali lake litamfungia mlango.

"Mwanangu," alisema, "nimeacha wajawazito kumi na saba huko juu. Wawili wao ni wiki hii. Nikirudi jioni, niwaambie waende wapi?"

"Dakika tano tu, mama," akajibu Bwana Wastani, akaikunja mikono ya koti lake lililopauka, akaingia vitani.

Ilikuwa saa tatu na robo. Akaandika amri yake kwa herufi zilizonyooka, akabonyeza, na kompyuta ikaanza kunguruma, mistari ikiteremka kwa wingi hata ungedhani mbingu ya tarakimu imepasuka. Moyo wa shujaa ukatulia. Akajipangusa miwani, akamtupia Mkunga jicho la mtu ambaye mambo yake yanakwenda. Na mara, bila hodi, maandishi mekundu yakatanda kutoka juu hata chini. Kidole kikaruka. Kioo kikabaki cheupe, kina mstari mmoja tu wa mwisho uliosema kiongezi cha ramani hakikuwekwa.

"Umefuta nini?" akauliza Mkunga.

"Mambo ya kawaida tu, mama. Mashine huwa zinanung'unika kidogo kabla ya kazi."

Akarudia. Mashine ikanguruma, nyekundu ikatanda, kidole kikaruka. Akarudia tena. Akabadilisha amri kwa kuiandika polepole zaidi, akidhani labda mashine haikusikia vizuri. Akachomoa waya wa mtandao akaupuliza, akaurudisha. Hata ilipogonga saa tano alikuwa ameshambulia mara saba na kurudishwa nyuma mara saba, na katika mara zote saba hakusoma hata neno moja la adui yake ila lile la mwisho, la kushindwa, ambalo alikwisha kulijua.

Hapo ndipo alipoinuka, mkono mmoja mezani, mwingine kifuani, akaihutubia kompyuta kwa sauti iliyofika mpaka masjala. "Ewe chuma usiye na haya! Nani amekupangusa uso kila Ijumaa kwa kitambaa chake mwenyewe? Nani hajakumwagia chai hata siku moja, ilhali wenzako wote katika jengo hili wamekwisha kuogeshwa chai, na mmoja uji? Nimekuomba jambo kubwa? Nimekuomba picha moja ya vijiji, isiyo na mapambo, ili watu wasitembee saa mbili wakiwa na uchungu. Nijibu basi, au uniambie umeajiriwa na nani!"

Kompyuta haikusema kitu. "Hata mume wangu ukimhutubia hunyamaza vivyo hivyo," alisema Mkunga, akahamisha mkoba wake kutoka paja moja hadi jingine.

Ikabidi aitwe Fundi. Fundi wa kompyuta katika ofisi ile alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye kishada cha funguo kiunoni kilichotangulia kufika kabla yake, na jina lake la vitani lilikuwa Zima-Washa, kwa kuwa hakuna ugonjwa wa kompyuta, simu, feni wala jiko ambao hakuutibu kwa dawa hiyo moja. Aliingia bila haraka, akasimama mbele ya mashine, akaiwekea kiganja juu.

"Hii naijua," alinena Zima-Washa. "Hii nimeisafisha mwenyewe wiki iliyopita, nikaitoa takataka ambazo wengine waliziogopa miaka na miaka. Hakuna fundi mwingine wilaya hii ambaye angezigusa. Tulieni, wazee wangu."

Akazima. Akawasha. Bwana Wastani akaandika amri yake, na maandishi mekundu yakatanda, na kidole kikaruka.

Zima-Washa akausoma ule mstari uliobaki. "Inasema imeshindwa," akatangaza.

"Hilo tunalijua tangu saa tatu," alisema Mkunga.

Akazima tena, akangoja zaidi, akawasha tena, na mambo yakawa yale yale. Hapo Fundi akasimama wima na kutoa hukumu yake: kwamba mashine imezeeka, kwamba hakuna mwanadamu anayeweza kushindana na uzee, kwamba yeye angeandika barua ya kuomba nyingine, nayo ikienda haraka ingejibiwa mwakani. Kisha akaangalia saa, akakumbuka kuwa ni wakati wa chai, akaondoka na funguo zake.

Saa sita kasoro. Bwana Wastani aliketi akiwa ameinamisha kichwa, miwani mkononi, na nitawaambia ukweli, machozi yalikuwa karibu. Alikuwa anawaza vile vijiji vitano. Alivijua kwa namba zake, alijua kijiji cha tatu kina watoto mia moja na sita wa chini ya miaka mitano, na hakuwahi kufika huko hata mara moja. "Mama," alisema bila kuinua uso, "nisamehe. Nitakwenda kikaoni na zile kurasa tisa. Pengine Mwenyekiti ameamka vizuri leo."

Mkunga aliinuka, akaweka mkoba benchini, akavuta kiti akaketi ubavuni pake.

"Ifanye tena," alisema.

"Nimeifanya mara tisa."

"Ya kumi. Mimi sijawahi kumwacha mtu kwa sababu ya ya tisa."

Akaandika. Mashine ikanguruma. Nyekundu ikachomoza, na kidole cha shahada cha Bwana Wastani kikaruka kama kawaida yake, lakini safari hii hakikufika. Mkono wa Mkunga, ambao kwa miaka thelathini na mmoja ulikuwa ukidaka viumbe vinavyoteleza, ulikidaka hewani, ukakishika.

"Niachie, mama, inatia aibu."

"Sikiliza. Mwanamke akiletwa kwangu anapiga kelele, ndugu zake wote wananiambia kelele ya mwisho tu. 'Anasema anakufa.' Kila mtu anasema anakufa. Mimi huwa naketi namuuliza, uchungu wa kwanza ulianza wapi, na saa ngapi? Basi huyu naye analia, wewe unamziba mdomo. Panda mpaka juu kabisa. Unisomee ulikoanzia."

"Mbele ya watu?"

"Watu gani? Mimi nimewaona watu wakiwa uchi tangu hujaoa. Soma."

Na hapo, enyi mnaosikiliza, ndipo vita vilipogeuka, ingawa hapakusikika tarumbeta wala mbiu. Bwana Wastani, huku kidole chake kimeshikwa mateka, alipanda kwa mkono wa kushoto mpaka mwanzo wa yale maandishi, akaanza kuyasoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Kiongezi cha ramani kilishindwa kwa sababu kiongezi cha vipimo, ambacho hukitegemea, kimeshindwa. Akapanda. Kiongezi cha vipimo kilishindwa kwa sababu hakikuweza kujengwa. Akapanda tena. Na pale juu, karibu na mstari wa arobaini, pasipo matusi wala dharau, mashine ilikuwa imeandika hivi: maktaba ya vipimo ya kujengea haikuonekana katika kompyuta hii, tafadhali iweke kwanza, kwa amri ifuatayo. Na amri yenyewe ilikuwa imeandikwa hapo chini yake, nzima, tayari kunakiliwa.

"Imesema tafadhali," akanong'ona Bwana Wastani.

"Mara ngapi?"

"Mara kumi, mama."

Mkunga akakiachia kidole chake. Hakumcheka, na hilo Bwana Wastani hajalisahau hata leo.

Lakini msidhani ngome huanguka kwa kuujua mlango tu. Amri ile ya kuweka maktaba, yaani fungu la mafaili ambayo programu nyingine huyaazima, ilidai neno la siri la msimamizi wa mashine, na neno hilo lilikuwa katika kichwa kimoja tu, nacho kilikuwa chumba cha chai. Wakafunga safari. Wakapita masjala, wakapita mlango wa Katibu wa Kamati aliyekuwa akipanga viti vya kikao, wakamkuta Zima-Washa ameshika kikombe, ameegemea friji.

"Maktaba ya vipimo?" alisema Fundi baada ya kuelezwa. "Ipo. Nimeiona kwa macho yangu. Mzee, unanitia hatiani bure."

"Ipo ya kutumia," akasema Bwana Wastani, ambaye njiani alikuwa ameanza kuelewa, na kuelewa kulikuwa kumemnyoosha mgongo. "Mimi naulizia ya kujengea. Ni mbili, ndugu yangu. Moja ni chakula kilichokwisha kupikwa, anayekula anakula. Ya pili ni maelezo ya mpishi, haihitajiki na mtu yeyote mpaka siku ya kupika. Kiongezi hiki hupikwa hapa hapa ndani ya mashine. Maelezo yamekwenda wapi?"

Zima-Washa alikitazama kikombe chake. Mnakumbuka watu wa maofisini wanavyopenda waraka? Katibu alikuwa ametoa waraka mwezi uliopita, kwamba makaratasi yamezidi, na kila kilicho nakala mbili kiondolewe kimoja. Ulihusu makabati. Lakini Fundi wetu, mtiifu kuliko ulivyotakiwa utii, aliupeleka mpaka ndani ya kompyuta.

"Nilikuta vitu viwili viwili," alisema kwa sauti ya chini. "Majina karibu sawa. Maktaba ya vipimo, na pembeni yake nyingine ya vipimo. Ya maumbo, na nyingine ya maumbo. Nikaangalia zile za pili, hakuna mtu aliyezifungua tangu mwaka juzi. Nikafuta za pili zote. Waraka unasema."

"Basi zirudishe."

Na hapo kiburi kikaingia kati. Zima-Washa alijivuta, akatikisa funguo zake, akaanza hotuba. "Mimi ni fundi, nina cheti. Nikirudisha leo nilichokiondoa wiki iliyopita, kesho ofisi nzima itasema Fundi hajui kazi. Watasema alisafisha akaharibu. Heshima ya mtu ikivunjika, haina wa kuiunga, wazee wangu. Leteni barua rasmi, ipite kwa Katibu, iwe na namba ya kumbukumbu, nami nitaitafakari..."

"Wewe," alisema Mkunga. "Mama yako hajambo mgongo?"

Fundi akamtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akamtazama vizuri. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Nilikupokea kwa mikono hii, saa kumi ya alasiri, mvua inanyesha. Ulitanguliza miguu. Mtoto mzima, kichwa kimebaki ndani, unatuma miguu ije kuangalia hali. Nikakaa nawe saa tatu mpaka ukakubali. Huyo mama yako ulimtesa, lakini hakuwa na haja ya kutembea saa mbili kwanza. Sasa nimekuuliza neno moja la siri, unaniambia barua?"

Watu wawili wa uhasibu waliokuwa wakikoroga chai zao waliacha kukoroga. Zima-Washa aliweka kikombe juu ya friji, akajifuta midomo, akatangulia kwenda ofisini, na safari hii funguo zilikuwa nyuma yake.

Saa saba na dakika kumi neno la siri likaandikwa, Fundi akiwa amefunika kibao kwa kiganja kwa ajili ya desturi. Maktaba ya kwanza ikashuka na kukaa mahali pake. Bwana Wastani akashambulia tena, na maandishi mekundu yakatoka tena, na kidole kikatetemeka, nami nathibitisha kwamba kilitetemeka, lakini hakikuruka. Alipanda mwenyewe mpaka juu. "Sasa inalilia maktaba ya maumbo," alisema. Ikawekwa. Nyekundu ya tatu ilipotoka alikuwa ameanza kuisoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya rafiki yake: ilikosekana ile maktaba inayoilaza dunia ya mviringo juu ya karatasi bapa. Ikawekwa hiyo nayo. Basi zikawa tatu, zote za kujengea, zote zilizofutwa kwa waraka wa makabati, na zote zikarejea nyumbani.

Kisha ikaanza kupika. Enyi mliozoea vitu vya papo hapo, hamjui mateso ya kuiangalia mashine ikijenga kiongezi kutoka kwenye malighafi yake, feni inapiga kelele, mistari inateremka mmoja mmoja kana kwamba inalipwa kwa siku. Saa saba na nusu. Saa saba na dakika arobaini. Katibu akachungulia mlangoni, tai imekaza shingo. "Wajumbe wamefika," alisema. "Mwenyekiti anasema akiisha kusoma ajenda anatia sahihi. Ana safari."

"Tunakuja," akasema Bwana Wastani.

"Na hiyo mistari yote ni nini?"

"Inajengwa."

"Ijengwe kwa haraka," alisema Katibu, kana kwamba haraka ingetumwa kwa waraka, akaenda zake.

Saa saba na dakika hamsini na nane mistari ikasimama. Hapakuwa na rangi nyekundu. Palikuwa na neno moja jeusi, dogo, lisilo na mbwembwe yoyote, lililosema imekamilika. Bwana Wastani alilisoma mara mbili, kisha akawasomea wenzake. Zima-Washa akapiga ngumi hewani, akajikumbuka, akaishusha. Mkunga alishusha pumzi. Tarakimu zote za wilaya zilikuwa zinangoja. Akaziita, akaandika mistari sita, na nchi ikajitandaza juu ya kioo, milima, njia na vijiji, na nyuma ya mlima rangi ya kahawia ikaenea pale ambapo watu wangetembea zaidi ya saa mbili. Habari za printa sitawasimulia, kwa kuwa nina moyo mmoja tu. Niseme kwamba ilikubali saa nane na dakika tisa, baada ya Fundi kuizima na kuiwasha, na safari hii dawa yake ilifanya kazi, tena aliomba iandikwe.

Wakakimbia. Mtu aliyehesabu homa kwa miaka kumi na mmoja akiwa ameketi alikimbia ukumbini, koti likipepea, karatasi bado ina joto, nyuma yake Fundi akicheza ngoma ya funguo, na nyuma yao Mkunga, ambaye hakukimbia, kwani alikuwa na magoti ya kupandia mlima.

Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu. Bwana Wastani alifika mezani, akajaribu kusema, pumzi hazikutosha, akaiweka ramani juu ya ile karatasi iliyongoja sahihi.

"Hii ndiyo picha?" akauliza Mwenyekiti.

"Ndiyo, mheshimiwa. Kahawia ni... kahawia ni watu watakaotembea zaidi ya saa mbili, zahanati ya kilimani ikifungwa."

Sasa, mpe mtu yeyote ramani ya mahali anapopajua, awe mkubwa, awe mdogo, jambo la kwanza atatafuta kwao. Mwenyekiti hakutazama zahanati, hakutazama maelezo ya pembeni. Kidole chake kinene kilianzia mjini, kikafuata barabara, kikaacha barabara, kikapanda mlima, kikazunguka upande wa pili, kikasimama ndani ya kahawia.

"Huku ni kwetu," alisema.

Kidole hakikuondoka pale.

"Mama yangu yuko huku. Ana sukari, anafuata dawa zake kila mwezi." Aliisogeza ramani karibu na macho. Sauti yake nene ilikuwa imepungua. "Anasema anakwenda hapo jirani tu kwa mama mmoja. Mimi nikadhani ni jirani yake."

"Ni mimi," alisema Mkunga kutoka mlangoni. "Hajambo. Ila anapenda chai yenye sukari, na nimemkataza, naye anakudanganya."

Mwenyekiti alifunika kalamu yake. Kilichobaki cha kikao hakikuzidi dakika saba, na zahanati ya kilimani haikufungwa mwaka ule wala mwaka uliofuata. Mkunga hakungoja mwisho. Alimpa Bwana Wastani mkono, akamwambia, "Umefanya kazi, mwanangu," akachukua mkoba wake, akaanza kupanda, maana wale wawili walikuwa wa wiki hii.

Basi mhubirini, enyi mliosikia! Mpigieni mbiu mtu yule aliyeyakabili maandishi mekundu uso kwa uso, akayasoma tangu juu hata chini, akazirejesha maktaba tatu kutoka utumwani, asimwage damu ila wino kidogo wa printa. Miaka na ihesabiwe kabla yake na baada yake. Kumbukumbu rasmi za kikao, zilizoandikwa na Katibu kwa mkono wake, zinasema hivi: kwamba Kamati, kwa hekima yake, imeamua zahanati iendelee, na kwamba Mtakwimu alifika akiwa amechelewa dakika kumi na mbili, bila tai, na apewe barua ya onyo.

Barua ilikuja Jumatatu. Bwana Wastani aliifungua mezani pake, mbele ya watu, akaisoma yote kuanzia tarehe mpaka muhuri. Kisha akaikunja akaiweka mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, kwa sababu katika serikali yote hiyo ndiyo karatasi pekee inayothibitisha, kwa jina lake, kwamba siku ile alikuwapo.